Sauti ya umakanga ninayo, lakini timu hainisikii

KondaWaZamani
Jumapili, saa 2:40 usiku

Hamjambo wadau. Humu huwa nasoma tu na kupita, lakini leo imebidi niandike kwa sababu jana nilionyeshwa kadi ya njano. Si mchezaji wangu, ni mimi mwenyewe.

Nafundisha vijana wa chini ya miaka 15 hapa Kayole, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya shule fulani, si mbali na Spine Road. Kwenye daftari wako 23. Mazoezini huja 16 au 17, isipokuwa kukinyesha: hapo huja wote pamoja na wadogo zao, kwa sababu ya matope. Tunakutana Jumanne na Alhamisi saa kumi na nusu. Mchana nauza vipuri vya pikipiki, lakini kabla ya hapo nilikuwa makanga wa matatu miaka tisa, Kayole kwenda tao (katikati ya Nairobi) na kurudi. Anayeijua barabara hiyo anajua kwamba makanga asiye na sauti hulala njaa. Sauti ninayo. Nikimwita winga, mama mboga wa ng'ambo ya uwanja anageuka.

Shida ni kwamba vijana hawanisikii. Wala si ukaidi, maana hawa ni watoto wenye adabu, wananibebea hata mfuko wa mipira. Nikisema kitu kinapita tu kama upepo.

Jana beki wangu wa kushoto alikuwa anapanda na harudi. Nikamwita. Akapanda tena, nikamwita tena. Mpaka dakika ya 30 jina lake lilikuwa limejulikana na uwanja mzima, na bao tukafungwa palepale alipopaacha wazi. Nikatupa kofia chini, nikaingia uwanjani hatua tatu hivi nikiwa bado namwita, na refa akaja na kadi mkononi. Nikamwambia kadi ni za wachezaji. Akanijibu polepole kwamba tangu 2019 sheria inaruhusu kocha naye aonyeshwe kadi. Nilipofika nyumbani nikatafuta. Ni kweli, aibu yangu.

Mapumziko nikaongea dakika zote 15. "Mmeelewa?" "Ndiyooo kocha!" Kipindi cha pili wakaingia kama watu niliokuwa nawasimulia habari za nchi nyingine. Tukalala 4-1.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Tukirudi kwa miguu nilimuuliza yule beki, bila hasira, kwa nini hakuwa anarudi. Akaniambia: "Kocha, nilikuwa nasikia jina langu. Sikusikia unataka nini."

Nimefanya kozi ya ukocha ya Leseni D. Tuliambiwa kocha azungumze wazi na kwa ufupi. Tukaandika kwenye daftari, tukala chapati, tukaenda nyumbani. Kwa hiyo naomba msiniambie "kuwa mpole" ama "jenga mawasiliano". Nataka kujua wewe mwenyewe unafanya nini Jumanne saa kumi na nusu, vijana 17 mbele yako, mipira sita, na matatu zinapiga honi barabarani.

---

MwalimuWaMichezo_Buru
Jumapili, saa 3:55 usiku

Ndugu, huyo beki amekupa jibu bure, wengine wetu tulilipia kozi na hatukulipata.

Kabla ya kubadilisha chochote, jirekodi. Jumanne washa kinasa sauti cha simu, tia simu kwenye mfuko wa shati, ufundishe kama kawaida. Usiku kaa chini na kalamu. Chora safu tatu: mahali ulipomwambia mtu jambo la kufanya, mahali uliposifu, na mahali ulipopiga kelele tu. Kila uliposema kitu weka alama. Itakuuma, mimi nilizima kabla ya kufika nusu.

Wazo hili si langu. Msimu wa 1974–75 watafiti wawili walikaa wakimtazama John Wooden, kocha wa mpira wa kikapu wa chuo cha UCLA kule Marekani, wakahesabu kila alichosema mazoezini. Walipata zaidi ya mara 2,300. Karibu robo tatu yalikuwa maelezo matupu: fanya hivi, simama pale, hivi sivyo, ni hivi. Sifa zilikuwa kama 7 katika kila 100, na makaripio vilevile machache. Na huyo ni mtu aliyechukua ubingwa wa vyuo mara 10. Kwa hiyo hata mimi sikuambii uwe mpole. Nakuambia maneno yako yawe na mzigo ndani.

Halafu mambo madogo ya uwanjani ambayo hakuna anayeyasema. Saa kumi na nusu jua liko magharibi. Ukiwakusanya, wewe ndiye uangalie jua, wao walipe mgongo. Mtoto aliyekunja uso kwa jua hasikii chochote, anasubiri umalize. Pia wasiwe wameelekea barabarani, maana wewe na matatu yenye michoro mkishindana, wewe ndiye utakayeshindwa, na unajua kwa nini.

Na hilo swali la "mmeelewa?" lizike. Hakuna mtoto wa Nairobi atakayemjibu mtu mzima "hapana" mbele ya wenzake. Sema "nionyeshe". Mwite mmoja, asiwe nahodha, asimame mahali anapofaa kusimama. Akikosea, basi wewe ndiye hukueleweka.

---

Mzee_Makongeni
Jumatatu, saa 12:10 asubuhi

Vijana wa siku hizi mnawabembeleza. Sisi kocha wetu alikuwa na fimbo ya mpera na hakuwa anauliza mtu "nionyeshe". Ulikuwa unarudi nyuma kabla hajafungua mdomo. Na tulicheza mpira, si huu wa simu.

---

KondaWaZamani
Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Mzee shikamoo. Hata mimi nimepitia fimbo. Lakini nakumbuka fimbo yenyewe, sikumbuki alikuwa ananifundisha nini.

---

MamaKipa
Jumatatu, saa 4:20 usiku

Mimi si kocha. Nina duka la nguo Umoja, na kijana wangu ni kipa, ana miaka 13. Si wa timu yako, kwa hiyo usianze kutafuta ni nani.

Nataka kukuambia kinachofika nyumbani. Jumamosi akirudi huwa namuuliza mlifungwa ngapi, na mara nyingi hata hakumbuki vizuri. Lakini anakumbuka kwamba baada ya bao la pili kocha aliwapa mgongo akaangalia barabarani. Hilo analisimulia akila, analisimulia akioga, na Jumatatu bado analo. Kocha wake hakusema neno siku hiyo. Aligeuka tu.

Umeandika hapo juu kwamba ulitupa kofia. Umeipitia haraka sana. Nakuambia kama mama, beki wako hakusikia unataka nini, lakini kofia aliiona.

---

KondaWaZamani
Jumatatu, saa 4:50 usiku

Mama, hapo umenipiga. Sina jibu. Asante.

---

Kiungo_Namba8
Jumanne, saa 7:15 mchana

Niaje Konda. Mimi nimelelewa na MYSA, lile shirika la michezo ya vijana kule Mathare, enzi za kufagia mtaa na kuzibua mitaro ili timu iongezewe pointi kwenye ligi. Sasa nafundisha watoto wa chini ya 13 na mmoja wao ni kiziwi. Yeye ndiye amenifundisha ukocha kuliko kozi yoyote.

Alipokuja nilikuwa na mtindo kama wako. Wiki mbili za kwanza yeye peke yake ndiye aliyekuwa anafanya nilichotaka, na wale wenye masikio mazima wamepotea. Nilishangaa mpaka nikagundua sababu: kwake yeye nilikuwa lazima nimfuate, nisimame mbele yake, aone uso wangu, nimwonyeshe kwa mkono jambo MOJA, naye arudie. Wale wengine nilikuwa nawarushia maneno kutoka mbali kama mtu anayelisha kuku.

Basi tukatunga ishara, timu nzima. Mkono juu ya kichwa ni kupanda. Viganja viwili chini ni tulia na mpira. Ngumi mbili zikigongana ni kusogeleana. Ziko tano tu. Ya sita niliijaribu, wakaanza kuzichanganya, nikaitupa.

Agosti 10 mwaka 2025 nilikuwa uwanja wa Kasarani, timu yetu ya taifa Harambee Stars na Morocco, zile mechi za CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani. Tulipata kadi nyekundu kabla ya mapumziko, tukabaki kumi, tukashinda 1-0. Jukwaani nilikuwa simsikii hata jamaa niliyeketi naye. Unafikiri kocha wa Stars siku hiyo, Benni McCarthy, alikuwa anamwita beki kwa jina? Angeita mpaka koo ikauke. Kipindi kizima cha pili watu kumi walikuwa wanafanya jambo walilokubaliana tangu huko mazoezini.

Lakini wewe Konda unanishangaza. Miaka tisa umesimama mlangoni, muziki juu, abiria wanabishana chenji, na dereva wako mbele kule. Ulikuwa unamwambia vipi asimame? Ulimwita kwa jina?

---

KondaWaZamani
Jumanne, saa 7:40 mchana

Niko dukani nimecheka peke yangu mpaka mteja ameniangalia vibaya.

Nilikuwa nagonga bodi. Moja, simama. Mbili, twende. Miaka tisa, na hakuna siku dereva aliniuliza "umesemaje?"

---

Kiungo_Namba8
Jumanne, saa 7:44 mchana

Basi.

---

MwalimuWaMichezo_Buru
Jumanne, saa 3:30 usiku

Hiyo ya kugonga bodi nimeinakili, ni mali ya umma sasa.

Naongeza moja tu. Unapomsahihisha mtoto, mweleze mpira ama mahali, usimweleze viungo vya mwili wake. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake walichapisha utafiti wa watu waliokuwa wakijifunza kwenye mashine ya kuigiza mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Waliofikiria magurudumu ya mashine walijifunza vizuri zaidi kuliko waliofikiria miguu yao wenyewe. Nimejaribu kwa wanangu shuleni. "Funga kifundo, inamisha goti, weka mwili mbele" inazaa mtoto anayepiga mpira kama ana malaria. "Pitisha mpira chini ya ile kamba" na anapiga sawasawa bila kujua amefunga kifundo.

---

KondaWaZamani
Jumatano, wiki iliyofuata, saa 3:10 usiku

Nimerudi na matokeo kama nilivyoahidi (sikuahidi, lakini nimerudi).

Kwanza kurekodi. Mwalimu, Mungu anakuona. Nilichukua dakika 22 za mazoezi ya Jumanne ile. Niliongea mara 143. Neno "amka" pekee mara 31. Nikakaa na kalamu nikijiuliza: kijana wa miaka 14 anayekimbia juani, nikimwambia "amka", afanye nini? Yuko macho. Jina la mtu peke yake, bila kitu kinachofuata, mara 38. "Jamani!" mara 17. Maneno ambayo ndani yake kulikuwa na jambo la kufanya, nimehesabu kwa ukarimu nikapata 19. Sifa ni mbili, na moja nilikuwa namsifu mtoto aliyeleta maji.

Mke wangu alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Akauliza, "Huyo mtu anagombana na nani?"

Alhamisi nikawakusanya, jua likiwa usoni kwangu, nikawaambia tunaanza lugha mpya. Nikawaeleza habari ya kugonga bodi na wakafurahi kupita kiasi, kwa sababu kila mmoja hapa ana mjomba kwenye matatu. Tukakubaliana: kofi moja, mabeki wasimame hapohapo. Makofi mawili, mstari wote unapanda. Ile habari ya kuwa karibu karibu tusiache nafasi katikati, ambayo kwenye kozi ilikuwa na jina refu la Kizungu nililokuwa nalitaja nao wananitolea macho, sasa ni "bananeni". Kila mtoto wa Kayole ameketi kwenye siti ya nyuma akaambiwa abanane. Sikuwa na haja ya kueleza. Kupoza mpira ni "shukisha". Hiyo waliitunga wao, na ni nzuri kuliko yangu.

Tukaifanyia mazoezi bila mpira kwanza, dakika kumi, wakicheka. Halafu na mpira. Nilitaka niongeze ya tano, nikamkumbuka Namba8 nikanyamaza.

Yule beki wa kushoto nilimchukua pembeni. Sikumwambia "usipande", maana anapanda vizuri na sitaki kumvunja. Tulitembea pamoja mpaka kwenye ule mti wa upande wa kulia wa choo cha shule. Nikamwambia ukipita huu mti, angalia kwanza kama namba sita, kiungo wetu wa ulinzi, amegeuka kukuangalia. Kama hajageuka, hujaaga, usiende. Akauliza, "Na akigeuka?" Nikamwambia nenda mpaka utakapochoka. Mazungumzo yote kama dakika moja na nusu. Namba sita naye nikamwita, kwa sababu nilikumbuka kwamba hajui kuwa yeye ni sehemu ya hadithi hii.

Jumamosi tulicheza ugenini. Ule mti haukuwepo, bila shaka, na hilo sikulifikiria. Kabla ya mechi beki mwenyewe akaja kuniuliza, "Kocha, hapa mti ni upi?" Tukachagua mlingoti wa stima.

Mapumziko nilijaribu hivi: dakika tatu za kwanza nikawaachia maji na pumzi, sikusema kitu. Nilikuwa nimejiuma midomo. Halafu nikachuchumaa tukawa kimo kimoja, nikauliza mnaona nini huko? Kimya. Nikakaribia kujijibu mwenyewe, kama kawaida yangu. Kiungo mmoja ambaye sijawahi kumsikia akiongea akasema winga wao anachoka, hakimbii tena kurudi. Nilikuwa sijaona. Nikasema basi tupitie huko, na jambo la pili ni bananeni. Yakaisha hayo mawili. Zikabaki dakika sita na sikujua nizifanyie nini, nikazungusha machungwa.

Tulitoka 2-2. Sijawaletea muujiza. Bao lao la pili beki alikuwa mbele tena, mlingoti ameuacha nyuma na namba sita hajageuka. Mkono wangu ulienda kwenye kofia. Mama Kipa, nakuambia ukweli, ulifika kwenye kofia. Nikaikandamiza kichwani. Kijana alikuwa ananiangalia. Nikapiga kofi moja tu, akarudi mahali pake mbio kama amefukuzwa.

Mzee Makongeni, nimepiga kelele mara moja, niseme kweli. Gari la taka lilikuwa linarudi nyuma karibu na watoto wadogo waliokuwa kando ya uwanja, na nikaitoa ile sauti yote ya Kayole–tao. Uwanja mzima ulisimama, refa pia. Na wale watoto waliruka. Nadhani wangekuwa wamenisikia nikipayuka asubuhi nzima, hiyo nayo ingewapita.

Mechi ilipoisha kipa wangu akaja pole pole akaniuliza kama mimi ni mgonjwa.

Sasa kuna swali jipya. Kimya changu baba mmoja amekichukua kama nafasi ya kazi. Anatembea kando ya mstari anaita "piga!" kila mpira, hata mpira ukiwa kwa kipa wetu. Ni mtu mzima kwangu, ana miaka hamsini na kitu, na ndiye aliyetununulia neti. Namwambia nini?

---

MwalimuWaMichezo_Buru
Jumatano, saa 3:35 usiku

Mkutano wa wazazi kabla ya mechi ijayo. Waeleze ishara zenu zote nne. Akijua siri ya timu atajiona ndani ya timu.

---

Mzee_Makongeni
Jumatano, saa 3:50 usiku

Ya gari la taka umefanya vizuri. Huyo wa neti mheshimu.

---

MamaKipa
Jumatano, saa 4:15 usiku

Kofia nimeisoma mara mbili.

Huyo baba usimfanyie mkutano. Mwambie, "Mzee, naomba unisaidie na maji ya vijana, wewe ndiye ninayemwamini." Mpe kreti nzima aibebe, azungushe upande ule mwingine wa uwanja. Mtu aliyeshika kreti kwa mikono miwili ataita "piga" mara ngapi?